Grili ya Vichomeo Vitatu

Miongozo ya kununua grili ya gesi huanza na swali lile lile: bajeti yako ni ngapi? Najua kwa sababu hiyo ndiyo kazi inayonilisha. Mteja aliye Marekani au Uingereza anataka maneno elfu mbili kuhusu grili za bei ya juu. Mimi nasoma vitabu vya maelezo vya watengenezaji, nasoma malalamiko ya walionunua, nalinganisha unene wa chuma na urefu wa waranti, kisha naandika. Jina langu halitokei popote. Pesa inaingia, mara nyingine kwa wakati, mara nyingine baada ya kukumbushana.

Naandikia Miasenyi. Kama umewahi kupanda ile treni ya SGR inayosimama vituo vya njiani, ni kituo kati ya Mariakani na Voi, pale ambapo abiria huchungulia dirishani, wanaona vichaka na udongo mwekundu, halafu wanarudi kwenye simu zao. Niliacha chuo mwaka wa tatu, karo ilipozidi mfuko wa nyumbani, nikarudi na laptopu na mkopo. Huku maisha ni rahisi kuliko Nairobi, na neti ikiamka vizuri unaweza kufanya kazi na mtu wa Texas bila yeye kujua kwamba nje ya dirisha lako kuna mbuzi wanakula kikapu.

Kwa hiyo swali la grili halikuwa geni kwangu. Kilichokuwa kigeni ni kuulizwa na mtu wa nyumbani, kwa pesa za nyumbani.

Dada yangu yuko Muscat, mwaka wa nne sasa. Anafanya kazi za nyumbani kwa familia ambayo nyanya yao anaongea Kiswahili cha Unguja kilichonyooka kuliko chetu. Wako wengi kama yeye kule: Waomani waliozaliwa Zanzibar au waliolelewa na waliozaliwa huko, wakaondoka baada ya Mapinduzi ya 1964, na wengine wakaelekea Oman baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970. Bibi huyo humwita dada "mwanangu" na humtuma vitu kwa Kiswahili. Ukipita barabarani jioni utakuta watu wanauza mishkaki kwenye makaa, na neno lenyewe hawalitamki mbali sana na sisi.

Lakini pale nyumbani kwao, uani, makaa hayaingii. Kuna grili ya gesi yenye vichomeo sita, kifuniko kizito, kipimajoto mbele, na makabati chini kama jikoni kwa mtu tajiri. Siku za mapumziko familia inachoma, wageni wanakula. Wakishaondoka, dada anasugua. Miaka minne anasugua ile grili. Anajua kila skrubu.

Jioni moja akanitumia ujumbe wa sauti WhatsApp. Alikuwa ananong'ona, maana alikuwa chumbani na mwenzake amelala.

"Nimeweka akiba. Laki moja na elfu themanini. Nataka Mama awe na grili. Si ya kubahatisha, grili ya maana. Kama ya hapa. Wewe si ndiye msomi wa mitandao? Itafute."

Nikasikiliza mara ya pili. Laki moja na themanini. Nitasema wazi kilichopita kichwani, kwa sababu najua wengi wenu mngepita hapo hapo: nilizihesabu kwa mihula. Sikumwambia. Alishanilipia miwili zamani, na mtu akikutumia pesa za kumnunulia mama kitu, huanzi kuzipigia hesabu ya mfuko wako kwa sauti.

Sasa, kwa nini grili? Kwa nini si jiko la kawaida la gesi lenye oveni, kama watu wengine?

Sababu ya kwanza ni kifua cha Mama. Jikoni kwetu ni banda la mabati lenye dirisha moja, na Mama amepikia humo kuni na makaa kwa zaidi ya miaka thelathini. Daktari alimwambia apunguze moshi. Alisema vile madaktari husema, kama vile moshi ni sukari, unapunguza kijiko kimoja. Mama si peke yake. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya nyumba za Kenya bado zinapikia kuni, na zinazotegemea gesi ni takriban robo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu kama milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020 pekee. Hiyo namba ukiisoma kwenye skrini ni namba. Ukiisikia saa kumi alfajiri kupitia ukuta wa mabati, ni kikohozi.

Sababu ya pili ni kwamba Mama hupika kwa kuchoma. Tuna meko ya kilo sita, ipo, lakini anaichukulia kama birika: ya chai na ya haraka. Chakula chenyewe kwake ni kile kilichoguswa na moto. Mahindi, viazi vitamu, ndizi, samaki wakiletwa kutoka Mombasa, na mbuzi wageni wakija. Na wageni kwetu huja. Ukimpa jiko la vichomeo vinne na oveni, ataweka kitambaa juu yake na vikombe juu ya kitambaa, arudi bandani. Dada alilijua hilo. Ndiyo maana alitaka grili.

Sababu ya tatu iko nje ya boma. Sisi tumezungukwa na kichaka cha Nyika, migunga na mibuyu, na ng'ambo yake mashamba makubwa ya mifugo mpaka mpaka wa Tsavo. Ukanda wa Kasigau, huko nyuma yetu, uliingia kwenye historia mwaka 2011 kwa kuwa mradi wa kwanza duniani kupata hati za kaboni za kulinda msitu usikatwe (REDD) chini ya kiwango cha VCS. Kwa lugha rahisi, watu wa mbali wanalipa ili miti isikatwe. Na bado magunia ya makaa yapo. Makaa ndiyo karo ya watoto wa mtu fulani, ndiyo unga wa mwingine. Kwenye tanuri la udongo, kilo moja ya makaa inaweza kula kilo sita mpaka kumi za kuni. Mama anajua hesabu hiyo bila kuisoma, kwa sababu akiwa msichana, kuni zilikuwa mlangoni.

Basi nikafungua laptopu, safari hii bila mteja.

Kitu cha kwanza ambacho kila tangazo la grili hukurushia ni BTU. Ni kipimo cha zamani cha Waingereza: joto la kupandisha ratili moja ya maji kwa digrii moja ya Fahrenheit. Tangazo likisema grili ina BTU 60,000, unatakiwa ushtuke kwa furaha. Lakini BTU si nguvu ya kuchoma tu, ni kasi ya kula gesi. Nilipiga hesabu hivi. Grili ya vichomeo vitatu yenye BTU 30,000 kwa saa, ukiifungulia yote, inakula gesi takriban kilo 0.65 kila saa. Mtungi wa kilo 13 utakupa kama saa ishirini. Ile ya vichomeo sita, BTU 60,000, inakula mara mbili: saa kumi, mtungi umeisha. Na mtungi wa kilo 13 nilikuwa nimeujaza mwezi ule kwa shilingi 3,200, bila nauli ya boda.

Kumbuka pia kwamba bei ya gesi haikai mahali pamoja. Julai 2021 serikali ilirudisha ushuru wa VAT wa asilimia 16 kwenye gesi ya kupikia. Mwaka uliofuata ukapunguzwa hadi asilimia 8, na 2023 ukaondolewa. Ndani ya miaka miwili, moto ule ule, sufuria ile ile, bei tatu za serikali. Makaa angalau unaweza kuomba jirani mkebe, umlipe Jumamosi. Gesi haina jirani.

Nikamtumia dada hesabu. Nilidhani nimemfanyia kazi safi. Akakaa siku mbili kimya. Siku ya tatu akajibu.

"Kwa hiyo unataka kuniambia Mama hafai kitu kama chao?"

Hiyo haikuwa kwenye mwongozo wowote niliowahi kuandika.

Nilianza kuandika jibu refu nikalifuta. Nikaanza tena nikalifuta. Mwishowe nikampigia. Nikamwambia, dada, sisemi kuhusu kufaa, nasema kuhusu kulisha. Nani atanunua mtungi wa pili mwezi wa pili? Akasema yeye. Na wa tatu? Akasema yeye. Na ukirudi nyumbani?

Akanyamaza kidogo. Nikasikia maji yanamwagika upande wake.

"Mkataba unaisha mwakani," akasema.

Halafu akafanya kitu ambacho sikutarajia. Akaanza kunifundisha. Nusu saa nzima alinieleza grili kama nesi anavyomweleza mwenzake mgonjwa wakati wa kubadilishana zamu, na nikaandika kila neno.

Akasema kinachokufa kwanza ni kiwashio, kile kitufe cha cheche. Usinunue kitu kwa sababu ya kitufe. Hakikisha tu unaweza kuwasha kwa kiberiti kupitia tundu la pembeni. Akasema angalia trei ya mafuta: inatoka kwa mbele au kwa nyuma? Ikiwa ya nyuma, na grili imesukumwa ukutani, hakuna mtu ataisafisha, na mafuta yakijaa ndiyo hushika moto. Akasema vile vibati vya pembetatu vilivyo juu ya vichomeo ndivyo moyo wa nyama. Mafuta yakidondokea pale yanageuka moshi, na moshi huo ndio unaorudi kwenye nyama kama ladha. Vikiwa vyembamba vinatoboka upesi. Wa kwao vilishabadilishwa mara mbili.

Hapo nikaona nilivyosoma na alivyosugua vinakutana. Gesi yenyewe haina ladha. Hata makaa yakishaiva kuwa mekundu hayana moshi mwingi. Ile rangi ya kahawia tunayoipenda ni protini na sukari za nyama zinazoshikana joto likipita kama nyuzi 140, jambo ambalo Mfaransa Louis-Camille Maillard alilieleza mwaka 1912. Kampuni ya Weber ilipotoa grili yake ya gesi iitwayo Genesis mwaka 1985, moja ya mambo iliyobadilisha ni kuweka vibati vya chuma badala ya mawe ya volkano yaliyokuwa yakitumika kushika joto. Na Weber wenyewe, kabla ya gesi, walianza mwaka 1952 pale George Stephen, aliyekuwa akifanya kazi kwenye karakana ya chuma huko Chicago, alipokata boya la baharini katikati, akalitia miguu na kifuniko ili upepo usimharibie nyama. Nilipomsomea dada hiyo akacheka kwa mara ya kwanza wiki ile.

"Kwani huyo si jua kali tu?"

Jua kali kabisa.

Akamaliza kwa kusema: "Beba sumaku."

Tulienda Mombasa mimi na Mama, kwa treni. Aliweka sumaku kwenye leso, ile ya kutoka kwenye spika mbovu. Duka sitalitaja, ni la kawaida, lina baridi ndani na vijana wenye fulana za kufanana. Grili zilipangwa kama magari. Ya vichomeo sita ilikuwa mbele kabisa, inang'aa, shilingi 265,000. Kijana akatukaribisha, akaniangalia mimi, akaanza BTU.

Mama akatoa sumaku akaibandika kwenye kifuniko. Ikashika.

Kijana akakatika sentensi.

Maana ya sumaku ni hii. Chuma kisichoshika kutu kina aina nyingi. Ile inayoitwa 304 ina nikeli ya kutosha na kwa kawaida sumaku haiishiki. Ile ya 430 haina nikeli kiasi hicho, ni ya bei nafuu, sumaku inaishika, na hupata madoa ya kutu mapema zaidi. Si hukumu ya mwisho, kwa sababu hata 304 ikikunjwa sana kiwandani inaweza kuvuta sumaku kidogo. Lakini inakuambia kama unalipia chuma au unalipia mng'aro. Kwa mtu wa Nyali au Kilifi, mwenye upepo wa chumvi, hilo ni jambo kubwa. Kwa sisi wa Miasenyi, hewa kavu, kutu si adui wa kwanza. Adui wetu ni vumbi, upepo, na wadudu.

Wadudu si utani. Vitabu vya maelezo vya Wamarekani huonya kuhusu buibui wanaofuma ndani ya mirija inayopeleka gesi kwenye vichomeo. Utando mdogo tu unatosha kuzuia gesi, moto ukarudi nyuma na kuwakia mahali usipotakiwa. Kwetu ongeza nyigu wa udongo, ambao hawaoni tundu wakaliacha. Kwa hiyo nilimuuliza kijana: mirija inatoka kwa urahisi nikitaka kuisafisha? Ya vichomeo sita ilihitaji bisibisi na skrubu kumi na mbili. Ya vichomeo vitatu, iliyokuwa nyuma kabisa karibu na feni, ilihitaji pini mbili za kuvuta kwa mkono.

Mama alikuwa ameshaifikia hiyo ya nyuma. Alifungua kifuniko, akafunga. Akafungua tena. Akauinua wavu kwa mikono miwili. Ulikuwa wa chuma kizito cheusi, cha kumiminwa, si vile vijiti vyembamba. Akaurudisha polepole. Akainama akaangalia chini, akavuta trei ya mafuta, ikaja kwa mbele. Pembeni kulikuwa na kichomeo kimoja cha sufuria.

"Hapa ugali unakaa?"

Kijana akasema unakaa.

"Nikisonga haitapinduka?"

Kijana akaangalia magurudumu. Hakuna mteja aliyewahi kumuuliza hilo. Mama akaomba sufuria. Hawakuwa nayo, wakampa boksi la kettle. Akaliweka pale akalishika kwa mkono wa kushoto, akasonga hewa kwa mkono wa kulia, kwa nguvu zake zote, katikati ya duka. Grili ikatikisika, ikakaa.

"Hii," akasema.

Nikauliza mawili yangu. La kwanza, je, ilitengenezwa kwa gesi ya mtungi au ya bomba? Vitundu vya gesi ya bomba ni vikubwa zaidi. Ukivilisha gesi ya mtungi unapata moto wa kuunguza nyusi. Watu huagiza grili za mitumba kutoka ng'ambo bila kuuliza hilo. La pili, regyuleta. Grili ya soko la Marekani huja na kifungo kisichoingia kwenye mitungi yetu, na presha yake lazima ilingane na iliyoandikwa kwenye kibandiko cha grili. Hii ilikuwa ya gesi ya mtungi, na kibandiko kilisema milibaa 30, sawa na regyuleta za kawaida za hapa. Shilingi 118,000.

Nikampigia dada kwa video. Alikuwa kazini, akapokea kwa sekunde chache, akiwa amejificha kwenye stoo ya sabuni. Nikamwonyesha grili. Akaangalia. Nilijua anaipima na ile yake, ile ya uani, na kwamba ilikuwa ndogo.

"Mama anasemaje?" akauliza.

Mama akaichukua simu. "Mwanangu, hii naweza kuisafisha mwenyewe."

Dada akafunika mdomo kwa kiganja. Sijui kama alikuwa anacheka. Halafu akasema lazima akate.

Zilibaki 62,000. Tukanunua mitungi miwili ya kilo 13, ili mmoja ukiisha katikati ya nyama tusikimbizane na boda usiku. Fundi akatujengea kibanda kando ya jikoni: paa, kuta mbili upande unaotoka upepo, pande mbili wazi. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inakaa chini kama maji, kwa hiyo haitakiwi chumba kilichofungwa. Siku ya kwanza nikapaka mapovu ya sabuni kwenye kila kiungo cha mpira, nikakaa kuangalia kama kuna povu linalovimba. Hakuna lililovimba.

Kiasi kilichobaki Mama alikifunga kwenye ile leso ya sumaku. Nikajua asingekigusa. Jioni akaniuliza, bila kuniangalia, "Na wewe, chuo?" Nikasema niko sawa. Akasema, "Hii ni ya tikiti ya dada yako. Asije akakaa huko kwa sababu ya nauli." Sikuwa na cha kuongeza. Ile hesabu yangu ya mihula nikaiacha ikae ilipokuwa.

Jumapili iliyofuata mjomba akaja na mguu wa mbuzi. Alipoona kibanda akasimama.

"Nyama ya gesi," akasema, "ni kama chai ya mashine."

Mama hakumjibu. Aliwasha vichomeo vyote vitatu, akafunga kifuniko dakika kumi na tano mpaka wavu ukashika moto, kisha akazima kimoja na kuweka mguu upande huo, mbali na miale, akafunika. Huo ndio ufundi ambao grili ya kifuniko hukupa na jiko la makaa hukupa kwa shida: upande wa moto na upande wa joto. Nyama inaiva kwa joto kwanza, halafu mwisho inahamishiwa kwenye moto ipate rangi. Mafuta yakaanza kudondokea vibati. Moshi ukatoka pembeni mwa kifuniko, kidogo, ukachukuliwa na upepo kuelekea reli.

Mjomba alikula. Alikula vizuri. Alipomaliza akasema chumvi ilikuwa kidogo, na ndilo pekee alilopata.

Sitaki uelewe kwamba makaa yameisha kwetu. Maharagwe ya kimanga bado yanachemkia kwenye jiko la makaa, nje, kwa sababu hakuna mtu mwenye akili atachemsha maharagwe saa tatu kwa gesi. Mama bado anamnunulia makaa jirani yetu, ila gunia lililokuwa la mwezi sasa linakaribia miezi mitatu. Jirani ameona. Alikuja akazunguka grili, akaigusa, akauliza bei, akaguna. Mama akampa sahani. Jirani ana watoto wawili sekondari, na hakuna mwongozo wa kununua grili unaomhesabu.

Nimeandika mwongozo mwingine tangu hapo, wa mteja wa Marekani. Bado unaanza na bajeti, maana ndivyo anavyotaka. Lakini nimeongeza vipengele vitatu, na mteja ameviacha: mwenye kuisafisha ni nani, mtungi wa tatu atalipa nani, na mpishi ameigusa? Kama unapanga kununua ya kwenu, iwe ni ghorofani Kilimani au kijijini, anza na hayo matatu. BTU zitakusubiri.

Kikohozi bado kipo, ila alfajiri nyingine napitiwa na usingizi mpaka kuche. Sijui kama ni gesi au ni msimu. Mama ana njia yake ya kupima. Kila mtungi mpya ukifungwa, anachukua kipande cha makaa na kuandika tarehe kwenye ukuta wa kibanda, kwa herufi kubwa. Mpaka sasa ziko tarehe tano. Chini yake kuna tarehe ya sita, ya mwakani, ameizungushia duara. Hiyo haihusu gesi. Ni siku mkataba wa dada unaisha.